Kiingereza kwa Filamu ya Treni

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Wenzangu wamepumzika, mimi nimepata kazi.

Nimesikia sokoni Kashaulili kwamba Imakulata amerudi mjini Mpanda. Miaka thelathini na mbili kijijini Usevya, sasa anakaa Misunkumilo, nyumba aliyojengewa na binti yake Glory, nesi huko Kanada. Mumewe Maiko alifariki mwaka juzi. Mungu amrehemu. Alikuwa mkulima hodari wa mpunga na sikumpenda hata siku moja.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 19 Glory anakuja na mtoto wake Agatha, miaka sita, kazaliwa hukohuko. Kiswahili anajua "bibi" na "chapati". Kwenye simu bibi na mjukuu wanatazamana tu mpaka bando linaisha. Imakulata hataki mtu wa kukaa katikati, hata Glory mwenyewe. Mtoto akisema kitu, anataka akisikie yeye, amjibu yeye. Kwa hiyo anatafuta mwalimu wa Kiingereza, na siku zimebaki kumi na mbili.

Mwalimu Makarius, mstaafu, ameshajitolea. Na ubao wake na fimbo yake ya kuonyeshea! Nikamwahi Imakulata kwenye meza ya dagaa. Nikamwambia ubao umepitwa na wakati, siku hizi lugha inafundishwa kwa filamu ya mapenzi: unasikiliza, unashika maneno, unalia kidogo, umeelewa. Akauliza filamu gani. Nikasema ile ya treni.

Akaacha kuchagua dagaa. Akasema ile aliitazama mara tisa.

Ijumaa tunaanza. Sina filamu, na Kiingereza pia sina. Lakini nina siku tatu.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa mzee Kasimu. Siku hizi anauza sola. Zamani alikuwa na banda la video nyuma ya stesheni, na mimi ndiye niliyekuwa sauti ya lile banda.

Niandike, maana vijana wa leo hawajui. Mwaka 1993 filamu ilikuwa inaongea Kizungu, na mimi DJ Danford, kipaza sauti mkononi, naongea Kiswahili juu yake. Kiingereza hakikuhitajika. Unaangalia nyuso, unaweka maneno. Mzungu akikunja uso, anadai mahari irudishwe. Yule mwanamke wa filamu ya treni, muuza chai wa stesheni, nilimwita Theopista. Yule bwana wa kofia, msafiri anayepita kila wiki, nilimwita Bartolomeo. Treni yao niliipeleka Kaliua, wakabadilishe treni kama sisi. Watu walijaa. Jenereta linanguruma nje, mabenchi ya mninga, karanga za kukaanga kwenye karatasi za daftari, na abiria wa Tabora wanaingia na mabegi yao kabisa, mpaka wengine treni inawaacha. Ah, ile miaka.

Mkanda tumeupata stoo, chini ya betri mbovu, pamoja na deki ambayo bado inameza mikanda. Nilikaa juu ya gunia nikaushika tu. Mzee Kasimu naye akakaa.

Sharti lake: akae benchi la mbele na aitwe mkurugenzi. Nimekubali.

Ijumaa, 11 Julai

Somo la kwanza, sebuleni kwa dada yangu Scolastica, ninakoishi tangu mke wangu aliporudi kwao Sumbawanga akidai naongea hata usingizini. Wanafunzi: Imakulata, Scolastica, mkurugenzi. Madaftari mapya. Imakulata alivaa kitenge cha bluu. Miaka hamsini na tano na bado ukimtazama unasahau ulichotaka kusema.

Nikabonyeza deki. Treni ikaingia stesheni, moshi ukajaa, na kabla Mzungu hajafungua mdomo nikasikia sauti ya kijana mmoja inabweka: karibuni wapenzi watazamaji, hii ni stesheni, na huyu ni Theopista, mtoto wa watu, asiye na baba!

Sauti yangu.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwezi Agosti 1993, kabla sijaenda Tabora miezi sita kujifunza ufundi wa redio, mzee Kasimu alinirekodi juu ya mkanda ili biashara isilale. Kiingereza chote kimefunikwa. Hakuna sentensi hata moja ya Kizungu iliyosalimika, maana sikuwa mtu wa kunyamaza.

Somo la Kiingereza kwa Kiswahili. Nilitaka sakafu inimeze. Lakini wenzangu hawakujali! Scolastica alikuwa anatangulia kusema maneno kabla sijayasema. Mkurugenzi alilia kwenye chai ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikaa nikamsikiliza yule kijana wa miaka ishirini na minne, mwongo, mwenye koo safi, anayeamini mambo yake yatanyooka. Nilimwonea huruma sana.

Ikafika mwisho. Treni inaondoka na Bartolomeo yuko dirishani. Theopista amebaki stesheni, anasema maneno yake ya mwisho huku machozi yanamtoka. Na sauti yangu: nenda salama Bartolomeo, mimi naolewa na mwenye shamba, mwenye begi simtaki!

Haya maneno niliyatunga kwa ajili ya wakulima. Walikuwa wanashuka mjini na pesa za mavuno, wakisikia "mwenye shamba" wanapiga miguu chini mpaka vumbi linafunika skrini, halafu wanakaa kutazama tena.

Imakulata akafuta macho. Akasema, kwa utaratibu tu, kama anayetoa ushuhuda kanisani, kwamba ile sentensi ndiyo iliyomwozesha. Mwaka ule kulikuwa na kijana mmoja alimwahidi mambo akapanda treni, na kulikuwa na Maiko na shamba lake. Hakujua achague nini. Akawa anakuja bandani kila wiki kumsikiliza Theopista. Mara ya tisa akakubali posa.

Mkurugenzi akaniangalia. Scolastica akaniangalia. Mimi nikaangalia deki.

Yule kijana aliyepanda treni ni mimi. Nilikwenda zangu Tabora nikaacha sauti yangu mwenyewe Mpanda inamshauri mchumba wangu aolewe na mtu mwingine. Mara tisa!

Jumapili, 13 Julai

Sikulala vizuri siku mbili. Misa nimeisikia nusu.

Nje ya kanisa Makarius akanisimamisha. Amesikia, akasema, kwamba mbinu yangu ya kisasa ni kufundisha Kiingereza bila Kiingereza. Na amenisaidia. Mwanawe ameitafuta ile filamu na kuitia kwenye flashi, safi, sauti zao wenyewe, hakuna mtu anayepiga kelele juu yake. Akasema haya mbele ya Imakulata. Imakulata akamshukuru kwa mikono miwili.

Nikasema nami nimefurahi. Nilicheka mpaka mashavu yakakakamaa.

Sasa maneno ya mwisho ya Theopista yatasikika. Sijui anasema nini. Jambo moja tu nina hakika nalo, hataji shamba.

Jumatatu, 14 Julai

Makarius amechukua rimoti. Sebuleni kwetu! Anasimamisha filamu kila sentensi, darasa linarudia, anaandika ubaoni (ameuleta), wanaandika daftarini. Subiri. Barua. Nyumbani. Umechoka? Una njaa? Choo kiko wapi? Hilo la mwisho halimo kwenye filamu, Imakulata aliliomba mwenyewe, akasema mtoto ni mtoto.

Kinachoniuma ni kwamba anashika. Mara ya kwanza Theopista alipomwuliza yule bwana kama ataongeza sukari, Imakulata alijibu kabla Makarius hajatafsiri, halafu akajiziba mdomo na kiganja kama msichana. Nilifurahi kwa moyo wote. Nikakumbuka kilicho mbele, furaha ikaisha.

Wamefika katikati. Wanamaliza keshokutwa.

Jumanne, 15 Julai

Mpango. Luku ya Scolastica imebakiwa na uniti chache. Umeme ukikata kabla ya mwisho, Makarius ataondoka na flashi yake, Alhamisi nitasema televisheni imeharibika, Jumamosi mtoto anafika, imekwisha.

Nimepiga pasi mashati yangu yote. Nikapiga pasi mapazia. Nikachemsha maji ya kuoga, nikachemsha mengine, sikuoga. Scolastica akaniuliza kama naumwa. Nimepiga pasi taulo.

Jumatano, 16 Julai

Mita inapiga kelele tangu asubuhi. Nimeketi kwa raha zangu.

Saa kumi Imakulata akaingia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumkabidhi Scolastica karatasi yenye namba. Amenunua umeme. Akasema haiwezekani tunamfundisha bure na umeme tunajilipia wenyewe. Scolastica akabonyeza namba, mita ikanyamaza, na uniti zikapanda mpaka za kutosha filamu nne.

Nikasema kichwa kinaniuma, tuahirishe. Mkurugenzi akanipa dawa.

Mwisho ukafika. Treni, dirisha, machozi. Makarius akainua rimoti ili asimamishe, Imakulata akamzuia kwa mkono. Theopista akasema. Polepole, maneno mepesi, maneno yote yaliyomo daftarini. Chumba kizima kilimwelewa, hata mimi.

Nitakusubiri. Sijali ni muda gani. Niandikie barua.

Makarius akauliza nani anaweza kutafsiri. Imakulata alifunga daftari, akafunga kitenge vizuri, akatuaga mmoja mmoja kwa adabu. Mimi alinipita.

Alhamisi, 17 Julai

Amekuja mchana. Nilikuwa uani. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hakutaka kiti.

Akaniuliza ile habari ya shamba niliitoa wapi. Nilianza kueleza kwamba tafsiri ina maana ya nje na maana ya ndani. Akaniambia Danford, acha. Nikaacha. Nikamweleza ukweli, wakulima, vumbi, kila kitu.

Akasema basi wewe ndiye uliyeniozesha. Akasema watu wanamsifu marehemu baba yake kwa kumchagulia Maiko, kumbe mshenga ni DJ. Sikujua kama nicheke. Akasema hajutii, nielewe hivyo. Maiko hakuwa na maneno lakini alimpikia uji alipojifungua. Kilichomtoa machozi jana usiku ni kingine: yule mama alisema jambo zuri namna ile miaka yote, na hakuna aliyemsikia kwa sababu mimi nilikuwa naongea.

Nimeandika hapa ili nisisahau. Nimeapa: kuanzia leo mtu akisema lake, namwacha aseme.

Jumamosi, 19 Julai

Uwanja wa ndege. Sikualikwa, nilikwenda. Suti. Makarius naye alikuwepo, na mkurugenzi alikuja na gari.

Glory kanenepa vizuri. Mtoto ni mwembamba, macho ya Imakulata kabisa, kamng'ang'ania mama yake sketi. Watu wakamzunguka, wanamrushia Kiingereza kila mtu chake. Akainamisha kichwa. Halafu akasema kitu kidogo sana, kwa sauti ya chini, wala Glory aliyekuwa anakumbatiana na watu hakusikia.

Imakulata alisikia. Akachuchumaa, akamwambia maneno mawili sikioni, akamshika mkono, wakaenda wote wawili upande wa jengo. Mtoto alitaka choo na alikuwa anaona aibu. Waliporudi hakumwachia bibi yake mkono tena. Glory alipoambiwa kilichotokea aliegemea gari akalia, na mimi nililia, na Makarius alijifanya anasoma tiketi ya mtu.

Wakati wa kupanda gari mtoto akaninyooshea kidole, akauliza swali. Imakulata akamjibu. Si maneno mawili safari hii, mengi, mengine yalimkwama akayatafuta akayapata. Huku ananiangalia. Akatikisa kichwa. Mtoto akacheka sana, Imakulata akacheka, Makarius akakohoa.

Sikushika hata neno. Nimerudi nyumbani nimekaa na jambo hili tangu saa nane, na sioni ugumu wowote, ni kazi niliyoifanya kwa miaka. Unaangalia nyuso. Alinitazama moja kwa moja: maana yake ananitaja kwa jina. Akatikisa kichwa: anahesabu miaka tuliyopoteza. Mtoto akacheka: amekubali. Kwa hiyo alimwambia hivi: mjukuu wangu, huyu ndiye aliyepaswa kuwa babu yako, na bado nafasi ipo.

Scolastica ananishauri nimwulize Makarius, alikuwa amesimama palepale na alisikia yote. Sina haja. Nimeshawaambia watu wa sokoni, na kesho baada ya misa natafuta mshenga. Makarius hafai, anajua Kiingereza.