Spika za Kutoka Italia

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Zuberi amenunua redio! Si redio, ni ghorofa. Ina taa za kijani na nyekundu, inawakawaka kama gari la harusi. Zuberi ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Somoe, yeye kamwoa dada yake, Zuhura. Nyumba zetu hapa Likombe zimetenganishwa na uzio wa makuti na chuki kidogo.

Baba mkwe wetu, Mzee Amiri, anakuja kutoka Msimbati kutolewa mtoto wa jicho. Atafungwa bandeji, atakaa mjini wiki tatu. Kila akija hufikia kwa Zuberi, maana bila redio mzee hali wala halali, na mimi redio yangu inakoroma. Leo Somoe kasema ana baba mmoja tu, na tangu tuoane hajawahi kumpikia hata uji wa asubuhi. Kisha akageukia jiko. Nadhani alikuwa analia. Labda moshi. Hapana, jiko letu ni la gesi.

Nimeamua! Nitaunda spika mwenyewe, kwa bei ya bure, na mzee atakaa hapa.

Jioni Zuberi kachungulia juu ya uzio, kaniuliza kama nimeisikia redio yake. Nikamjibu kwamba spika zangu ziko njiani kutoka Italia. Imenitoka tu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Leo sikuandika hata gunia moja. Nilikuwa Italia. Yaani mtandaoni, nachagua mchoro.

Ipo mitatu. Wa kwanza: kiboksi kidogo kilichozibwa kote, spika moja, basi. Wa pili: boksi lenye tundu na kipande cha bomba. Wa tatu, mnara! Ndani njia imejikunja mara nne kama utumbo wa mbuzi. Sauti inaingia nyembamba, inatoka nene.

Nikapita sokoni kwa Anold, fundi redio. Kaniuzia spika mbili za inchi sita alizozing'oa kwenye gari bovu. Nikamwonyesha michoro. Kasema nichukue wa kwanza: hauna pa kukosea, sebule yangu ni ndogo, na mzee anataka taarabu na taarifa ya habari, si kuitisha mkutano wa hadhara.

Maneno ya hekima kabisa. Nikamshukuru, nikachagua mnara.

Jumatano, 9 Oktoba

Kazini nimesema tumbo linauma. Nimekata plaiwudi tangu asubuhi, vipande ishirini na viwili. Vumbi hadi kwenye kope. Raha iliyoje! Nimepiga misumari huku nikiimba kwa nguvu, ili Zuberi asikie maendeleo.

Saa tisa nikausimamisha mnara. Uliotakiwa kunifika kifuani ukanifika gotini.

Nikausoma mchoro upya. Umeandikwa inchi. Mimi nimepima sentimita.

Spika haiingii hata kwa kubembelezwa. Plaiwudi imekwisha. Ameingia kuku wa Neema, jirani yetu muuguzi, akatazama kulia na kushoto, akakaa. Neema kaja kumchukua, kaniuliza banda zuri namna hii nauzaje.

Alhamisi, 10 Oktoba

Usiku nilisoma kwamba chombo cha mviringo hakitetemeki ovyo kama boksi, kwa hiyo sauti hutoka safi. Mviringo! Asubuhi naenda kunywa maji, nainua kata, nauona. Mtungi! Tena iko miwili, pembeni ya mlango wa jikoni, mweusi na mwekundu.

Somoe alikuwa kwa Zuhura. Sikumuuliza. Mtu hamsumbui mkewe kwa jambo dogo.

Nikamwaga maji ya mtungi mweusi, nikaukausha juani, nikaweka spika mdomoni. Imekaa kama kifuniko! Kama mfinyanzi alipima! Nikatoboa tundu dogo ubavuni kwa msumari, polepole, huku nikisoma dua. Nikapitisha waya, nikaziba kote kwa gundi, nikaunga kwenye amplifaya yangu kuukuu.

Jamani. Kinanda kililia mle ndani nikasimama wima. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nene, karibu, kama anakula nami. Nilicheza peke yangu hadi msuli ukataka kuanguka.

Nikaushika mtungi wa pili na msumari. Hapo Somoe akaingia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Somoe hasemi nami. Jana alisema mara moja tu, na inatosha. Kaniuliza kama najua mitungi ile kaifinyanga nani. Nikataka kumchekesha, nikasema Mwitaliano. Hakucheka. Kaifinyanga mama yake, marehemu Mwanahamisi, kwa mkono wake, mwaka ule Somoe alipozaliwa.

Sikuwa najua. Miaka kumi na mmoja nakunywa humo na sikuwahi kuuliza.

Mtungi mwekundu kauficha chumbani. Mweusi nimeufunika kanga. Zuberi kachungulia juu ya uzio, kataka kujua kwa nini spika ya Italia imejifunga kanga. Nikasema kule ni baridi.

Mzee kafanyiwa upasuaji leo salama. Kesho anakuja. Natamani kuhamia Msimbati.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niandike haraka kabla sijapasuka!

Mzee alianzia kwa Zuberi. Zuberi akawasha ghorofa lake, taa zikawaka. Mzee, jicho moja na bandeji, akapiga ukelele kwamba zile taa zinamchoma hata jicho zima. Zuberi akatafuta pa kuzizimia, hakupaona. Hapana pa kuzizimia! Zuhura akamleta mzee kwetu kwa mkono.

Nikawasha. Taarabu ya zamani. Mzee akatulia, akainamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono kuitafuta sauti. Akaipata kanga, akaivuta. Akapapasa bega la mtungi, pale penye michoro ya kucha. Somoe akashika mlango. Mimi nikashika ukuta.

"Huu wa Mwanahamisi," akasema.

Nikajibu, "Ndiyo, Baba. Mimi ndiye niliyeutoboa. Nisamehe."

Akausikiliza wimbo hadi mwisho. Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka kwenye jicho zima. Kasema marehemu alikuwa akiimba kila anapochota maji, kichwa karibu kiingie mtungini, na yeye akimwambia ipo siku sauti itabaki humo.

"Haya, imebaki. Somoe mwanangu, nitandikie hapa hapa. Na mtungi mwingine nitilie maji ya kunywa. Huo asiuguse huyu."

Somoe alikimbilia jikoni. Amepika uji mchana. Uji wa wiki nzima!

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, sikwenda kazini. Mzee yuko sebuleni, sikio kwenye mtungi. Somoe anaimba. Ananiita Baba Latifa tena, kwa jina la binti yetu, si "wewe".

Anold kapita kusikiliza. Kasema nimeunda mchoro wa kwanza hasa: chombo kidogo, kimezibwa, spika moja. Nikamwambia ni bahati mbaya tu.

Maana imebaki spika moja, na inanitazama. Nyuma ya nyumba lipo simtangi la lita elfu, tupu, maji hayajatoka tangu Jumamosi. Nimeligonga kwa ngumi. Limeitika booo, hadi kwenye meno! Hebu fikiria sauti nene itakayotoka mle!

Si letu, ni la mwenye nyumba. Lakini yeye anaishi Masasi. Somoe kaenda sokoni. Tundu ni moja tu, dogo, na Masasi ni mbali.