Waache Wanikose Kidogo

Alhamisi, 12 Juni

Nimechoka na watu wasiojua thamani ya mtu! Mtunza stoo wa karakana ya samani ni nani? Mimi. Nani anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho? Mimi. Halafu leo Mzee, bosi wetu, anatuambia kwamba Jumatatu atamtaja msimamizi wa tawi jipya, na kwamba bado anafikiria. Anafikiria! Kati yangu mimi na Kidomo!

Kidomo ni muuzaji. Kazi yake ni kucheka na wateja kutwa nzima mpaka meno yanamkauka. Mwezi uliopita nilimpunguza makali kidogo: nilimnong'oneza Mzee kwamba wizi mwingi huanzia kwenye funguo za akiba, na alizishika Kidomo. Akamnyang'anya, akanikabidhi mimi. Sasa seti zote mbili zinaning'inia kwenye mkanda wangu. Nikitembea nasikika tangu kona ya mtaa. Kanuni ya karakana inasema jioni zitundikwe kwenye msumari wa mlinzi. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wengine.

Leo mchana, nikiwa nanyolewa, wazo likanijia. Kinyozi ana kalenda yenye picha ya kijiji cha mlimani. Ukungu, paa za bati, kimya, hata kuku hayumo. Na kesho ndiyo siku ambayo shule moja inakuja kuchukua madawati yake, kazi kubwa kuliko zote mwaka huu. Je, kesho nisipokuwepo? Kidomo atababaika. Mzee atashika kichwa. Watanililia. Jumatatu nitarudi na cheo kitakuwa changu bila mjadala.

Nimeamua hivyo hivyo, bila kupanga. Kinyozi aliniambia kijiji kiko wapi hata kabla hajamaliza upande wa kushoto.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri nimempigia Mzee na kumkoholea. Akanipa pole, akataka kusema jambo jingine, nikakohoa zaidi na kukata.

Gari ni la shemeji, kaka yake mke wangu. Amenipa kwa masharti: nisile ndani, nisilaze kiti, nisiguse redio. Mama watoto naye akaniuliza kama nimewaachia kazini kila wanachohitaji. Nikamjibu kwamba nawaachia pengo, na watalihisi. Akanitazama kiunoni, akafungua mdomo. Nikamwambia asinicheleweshe.

Barabara ni balaa. Kona juu ya kona, na kila ng'ombe ana haki ya njia isipokuwa mimi. Nilikula ndani. Nililaza kiti.

Huu ndio utulivu wa kijiji wanaousifu? Ni baridi tupu! Kimya kimezidi mpaka nasikia tumbo langu. Na watu! Nilitaka kuwa peke yangu na fikra zangu, lakini hapa kila anayepita anataka kujua nimetoka wapi, nimekuja kwa nani, na kwa nini mtu mzima asafiri bila mwenzake. Nikitembea mbwa wanabweka. Jioni kijiji kizima kikawa kinaniita Bwana Njuga, kwa ajili ya funguo zangu. Nimekubali. Angalau hapa wanamtambua mtu mwenye madaraka.

Simu inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya zahanati. Nikalipanda kwa magoti. Simu ikatetemeka mpaka karibu initoke mkononi! Mzee kapiga. Kidomo kapiga. Mzee, Mzee, mama watoto, Mzee, Kidomo tena. Ujumbe mmoja wa Mzee: uko wapi, tafadhali sana. Tafadhali sana! Miaka yote sijawahi kusikia neno hilo likitoka kwake. Nilicheka peke yangu pale juu, suruali imechanika goti. Nimezima simu. Waache wachemke.

Nimeshindwa kulala kwa kimya hiki. Nimekwenda kukaa garini na kusikiliza redio ya shemeji.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi mama mwenye nyumba ya wageni ananiletea chai. Ananiuliza kama funguo zote hizi ni za nyumba yangu. Nikavimba. Nikamweleza kwamba ni za stoo nzima ya samani, seti zote mbili, na kwamba mlango ule haufunguki bila mimi. Akasema hongera. Akamimina chai. Kisha, kwa upole kabisa, akaniuliza: na jana walifungulia nini?

Chai ikanipalia.

Yale madawati! Yako ndani! Nilitoka mbio bila viatu, nikarudi kuvaa viatu, nikatoka tena. Gari haliwaki. Redio imemaliza betri. Kijiji kizima kikaja kusukuma, wakaimba kabisa, Njuga huyo anaondoka! Likawaka mteremkoni. Sikusimama hata kuwashukuru, kwa sababu nilijua nikisimama litazima.

Nimefika karakana mchana. Mlango wa stoo haupo. Umeegemezwa ukutani, mzima, na kufuli lake bado limefungwa, limening'inia pale kama linanicheka. Kidomo alikuwa ameungoja ufunguo hadi saa nne, kisha akawaita mafundi wetu wawili. Wakang'oa fremu yote. Ni maseremala! Sikuwahi kufikiri kwamba maseremala wanaweza kung'oa mlango! Shule ilipata madawati yake kabla ya adhuhuri na mwalimu mkuu akaagiza mengine.

Mzee hakunigombeza. Heri angenigombeza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alidhani nimevamiwa njiani kwa ajili ya funguo. Alikuwa amenitafuta nyumbani, mama watoto akamwambia nimetoka na gari bila kusema niendako, kisha hospitali, hadi polisi. Aliposikia ni kijiji cha kwenye kalenda, alinyoosha mkono tu. Nikazivua funguo. Mkanda ukawa mwepesi, suruali ikashuka kidogo. Niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 16 Juni

Kidomo ndiye msimamizi. Funguo sasa zinalala kwenye msumari wa mlinzi, na seti ya akiba iko kwa Mzee. Mimi nimehamishiwa kupiga msasa.

Nimetumwa kupeleka viti tawi jipya. Mlango wa ofisi ya msimamizi una jina la Kidomo, rangi haijakauka. Fundi wa rangi akaniomba nisimkasirikie. Alisema jina langu ndilo alilokuwa ameandika kwanza, tangu Alhamisi jioni, kwa agizo la Mzee. Alilifuta Jumamosi. Ukisimama pembeni, mwanga ukipiga, herufi zangu bado zinaonekana chini ya za Kidomo. Ilinichoma. Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo. Vumbi la msasa lilisaidia kunificha.

Lakini njiani nikirudi akili ilitulia. Hebu tazama. Siku moja tu nilipokosekana, Mzee alinitafuta hadi hospitali! Kwa siku moja! Kumbe mpango ulikuwa sahihi kabisa, kosa lilikuwa kurudi mapema. Ningekaa wiki nzima ingekuwaje?

Kesho wanaanza kumalizia madawati mapya ya shule, na dawati haliondoki bila msasa. Msasa wote nimeufungia kwenye kabati la nyuma. Ufunguo ninao mimi, hapa kiunoni. Mmoja peke yake haulii, kwa hiyo nimeuunganisha na ufunguo wa kabati la vyakula la mama watoto. Unalia vizuri sasa.

Shemeji amekataa kunipa gari, ananisema mpaka kwa majirani. Hainitishi. Basi la mlimani linaondoka alfajiri.