Wiki Yangu ya Filamu za Kutisha

Jumatatu, 21 Julai

Mvua. Mvua. Mvua. Ndiyo Karkidakam hii, mwezi ambao hata mbwa hana hamu ya kubweka. Lakini mimi, Vasavan, mstaafu wa posta, nina mpango! Jumamosi Chama cha Filamu kinachagua katibu. Mwalimu Damodaran amekikalia kiti hicho miaka nenda miaka rudi, akituonyesha filamu ambamo mtu anamtazama nyati mpaka nyati mwenyewe anachoka. Mimi nimewaandalia wiki ya filamu za kutisha zinazostahili kutazamwa. Si zile za zamani za mwanamke mwenye sari nyeupe na njuga miguuni. Za kisasa! Za watu wenye akili! Wakishatetemeka vya kutosha, watanipigia kura.

Binti yangu Rajani amefika kutoka Bangalore. Alhamisi, siku ya kila mwaka ya kuwakumbuka marehemu, alfajiri tunakwenda mtoni kumfanyia mama yake tambiko, la kwanza tangu afariki. Amenishika mkono akasema hataki kingine chochote kwangu, Alhamisi tu, yeye na mimi. Nikamwambia aondoe shaka. Naona hajaiondoa.

Jumanne, 22 Julai

Aibu! Jana jioni onyesho la kwanza. Filamu ya Kituruki, lifti inasimama kwenye ghorofa isiyokuwepo. Kazi safi mno: mlango unafunguka tu, na wewe unatafuta choo kiko wapi. Ukumbi mtupu. Nilisahau kwamba mwezi huu, giza likianza kuingia, kila nyumba huwasha taa na kusoma Ramayana, utenzi wetu mtakatifu. Nilisahauje? Kwetu aliyekuwa akisoma ni Thankam, mke wangu. Tangu aondoke, saa hiyo huwa najitafutia shughuli nje ya nyumba.

Aliyekuja ni Damodaran peke yake. Akakaa mbele, akanisimulia mwisho kabla haujafika. Wakati wa kutoka akaniuliza kama nilikuwa nimefumba macho kwa usingizi au kwa woga. Nikamjibu kwamba filamu nzuri ya kutisha husikilizwa.

Nilipofika nyumbani Rajani alikuwa anasoma, peke yake mbele ya taa. Sauti ni ya mama yake kabisa. Nilisimama barazani na viatu vyangu mkononi mpaka alipofunga kitabu.

Mpango mpya: chakula! Mkono mtupu haulambwi. Kesho naanza baada ya usomaji, na nawaletea chapati na nyama ya ng'ombe ya kukaanga kutoka hoteli ya Paulose. Mji mzima unaililia nyama ile. Paulose alinikazia macho nilipoagiza. Wivu, bila shaka.

Jumatano, 23 Julai

Walikuja! Hata waliokuwa hawasalimiani walikaa pamoja. Nikafungua mapakiti. Harufu ikajaa ukumbi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hakuna! Mama Sarojini wa duka la dawa akajiziba pua kwa sari, akaniuliza nani kaniroga. Leo mkesha wa tambiko, mji mzima umefunga, mlo mmoja tu wa wali, nyama mwiko! Wakahamishia viti dirishani. Nikazima taa haraka haraka.

Filamu ya Norway. Mke aliyekufa anarudi nyumbani. Hamkabi mtu koo. Anaosha vyombo, anapanga vikombe, anakaa mahali pake mezani. Mume anajifanya hamwoni. Ni filamu bora kabisa ya kutisha niliyowahi kuiona, na hii niliiona kwa macho yote mawili. Watu walipiga mayowe. Mimi nilitaka yule mume amwambie karibu, kaa. Nilitaka Thankam aingie kwa ule mlango wa nyuma, sari yake ikichuruzika maji, aniulize mbona nimekonda. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu akitishika, mikono hutafuta kazi, na mdomo nao vilevile.

Taa zikawaka. Mapakiti matupu mapajani mwangu. Mafuta mpaka kwenye viwiko.

Damodaran, kwa sauti ile ile ya kuita majina darasani: "Jamani, mfiwa kamaliza ng'ombe mzima!"

Kicheko. Rajani alikuwa mlangoni, amekuja kunichukua kwa mwavuli. Yeye hakucheka. Njia nzima alinifunika mimi, akalowa yeye. Tulipofika akasema polepole kwamba nilijua mfungo ni leo. Nikasema nilisahau.

"Kila kinachomhusu Mama unakisahau, Baba," akasema. "Nifundishe na mimi."

Alhamisi, 24 Julai

Aliyekula nyama hafanyi tambiko. Rajani akaenda mtoni peke yake. Nami nikaenda, kwa siri. Nikajibanza kwenye kibanda cha chai, nikanunua bajia za dengu nisije nikaonekana mtu asiye na shughuli.

Akaweka bonge la wali juu ya jani la mgomba, akapiga makofi kwa viganja vilivyolowa, kuwaita kunguru. Wakila, marehemu ameridhika. Bonge la Damodaran liligombewa na kunguru wawili. La Rajani, kimya. Akapiga tena. Kimya. Jirani yangu kibandani akanong'ona kwamba huyo marehemu ana kinyongo. Roho iliniuma sana. Nikamwomba Thankam anikasirikie mimi, amwache mtoto.

Kitu kikavuta kikoi changu. Nikatazama chini. Kunguru! Wa mto mzima! Wamenizunguka, wanaokota makombo ya bajia. Nikawafukuza kwa mwavuli, wakarudi na shemeji zao. Rajani akageuka kutazama kelele ni za nini. Akaniona.

Akapanda mpaka kibandani, akaninyang'anya bajia, akanishika mkono, akaniteremsha hadi ukingoni. Kunguru wakanifuata mimi. Wakaliona bonge la wali. Wakala lote. Rajani akalia, na mimi nikalia, kwa sauti, mbele ya Damodaran.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeshindwa. Kura mbili, na moja ni yangu.

Rajani amepanda treni asubuhi. Kwenye dirisha akaniambia mwakani tena, mimi na yeye, mtoni, toka mwanzo hadi mwisho. Nikamwapia kwa jina la mama yake. Treni ikaondoka. Nilibaki nimesimama mpaka mfagiaji akaniomba nisogee. Nyumba sasa ni baridi, na taa sijaiwasha.

Lakini! Baada ya uchaguzi Damodaran alikiri mbele ya wote kwamba yule mke wa Norway amemnyima usingizi. Kamati inataka wiki ya filamu za kutisha kila mwaka, msimamizi mimi! Tarehe nichague mwenyewe. Nimefikiri sana. Nahitaji siku ambayo watoto wote wamerudi kutoka mbali na hakuna mwenye kwenda kazini. Ipo moja tu. Nimeshaitangaza: onyesho maalumu, alfajiri ya tambiko mwakani. Rajani nimemwekea kiti cha mbele, karibu na changu, ili tuwe pamoja.