Regis, Picha Yangu ya Baada

Jumatatu, 4 Machi
Nimepungua ratili kumi na mbili kwa wiki moja! Mimi, Clem Hudak, miaka sabini na minne, niliyeacha shule darasa la tisa!

Sawa. Uongo. Nilipanda mizani huku nimeshika sinki. Nilipoliachia, nilikuwa nimeongezeka ratili mbili.

Chakula cha kunikondesha nimekinunua kwenye televisheni. Yule mama wa chaneli ya kuuza vitu, mwenye meno mengi kuliko mahitaji, alisema zimebaki boksi chache, na saa pembeni inahesabu kurudi nyuma. Nikaingiwa na hofu. Nikapiga simu. Sasa friza limejaa chakula cha kupunguza mwili cha mwezi mzima. Mkate wa nyama, ukubwa wa sabuni ya hotelini! Na mke wangu Rosalie ameapa: maadamu boksi zipo, hanipikii.

Ila kuna shindano. Unatuma picha mbili, ya kabla na ya baada. Mshindi anakalishwa kitini karibu na yule mama, nchi nzima ikimwona. Mwisho wa kupokea ni tarehe tatu Aprili. Kile kiti ni changu.

Jumatano, 6 Machi
Wazo limenijia nikioga. Ndugu yangu Regis! Tumepishana mwaka mmoja, sura ileile, kana kwamba mama aliona uvivu kutunga nyingine. Na tangu mkewe Dolores afariki Novemba, Regis amekonda vizuri sana. Mimi niwe kabla, yeye awe baada. Hakuna haja ya mtu kushinda njaa.

"Amekonda vizuri sana." Nimeisoma tena. Si sentensi nzuri. Naiacha.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepanda kilima kwenda kwake, boksi mbili za tambi na jibini ndani ya koti, maana leo Kwaresima inakataza nyama. Nikafungua friji yake. Haradali na betri. Basi!

Mezani kuna bakuli saba, safi, zimepangwa. Zote za msiba. Kila moja ina plasta chini yenye jina la mwenyewe. Wanawake wa parokia walileta chakula wiki mbili, kisha wakakaa wakingoja vyombo vyao. Regis hajarudisha hata kimoja. Anasema ukirudisha bakuli utaambiwa ingia, utaambiwa kaa, halafu utaulizwa unaendeleaje. Basi wao wanangoja bakuli, na yeye amekaa nazo humo ndani, hana cha kutia.

Nikamsogezea tambi. Akakataa. Eti yeye si ombaomba, nikampe paka. Nikamwambia, bwana wee, nani kataja sadaka? Huu ni uhalifu. Rosalie ananihesabia boksi, nami siziwezi, nisaidie kuangamiza ushahidi. Macho yakamng'aa! Kumzunguka Rosalie ni starehe yake ya miaka arobaini. Akala zote mbili, akauliza kama hizo zilikuwa za kuonja tu.

Jumapili, 17 Machi
Kilima mara mbili kwa siku. Magoti yananitukana. Nyumbani sipewi kitu, Rosalie anadhani nakula za boksi. Kwa Regis nako sili, hazimtoshi mwenyewe. Jana nimeonja biskuti ya mbwa wa jirani. Si mbaya. Inataka chumvi.

Balaa kubwa ni hili: mashavu ya Regis yanajaa! Leo nimemwona akifunga mkanda tundu la nje zaidi, huku anapiga mluzi. Picha yangu ya baada inaharibika mbele ya macho yangu, na mharibifu ni mimi.

Jumatano, 20 Machi
Nimeamua. Simpelekei kitu mpaka siku ya picha. Siku chache tu, hatakufa.

Asubuhi sikwenda. Saa kumi nikapanda kupima amekonda kiasi gani. Nikakuta meza imeandaliwa. Uma mbili. Vile vitambaa vya Dolores vya sikukuu. Alikuwa ameketi hapo tangu saa tano. Hakunilaumu. Kaniambia tu kwamba ameisafisha maikrowevu.

Nikasema pikapu ilikataa kuwaka. Akasema, "Clem, huwa unakuja kwa miguu."

Nimeshuka kilima, nikachukua boksi nne, nikapanda tena. Shindano lilaaniwe. Na yule mama na meno yake.

Ijumaa, 22 Machi
Leo parokia inakaanga samaki wa Kwaresima kwenye ukumbi wa zimamoto. Nani kaingia? Regis! Kanyoa. Bakuli ya Bernadine Koval kwapani. Bernadine ndiye mkaangaji, na ulimi wake una moto kuliko mafuta yake. Akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba yeye alidhani Regis ameila bakuli yenyewe. Kisha akamjazia samaki, viazi, kabichi na tambi, akageuka upande akijifuta macho. Eti moshi. Moshi gani?

Regis akanitazama, akauliza kwa sauti kama naumwa, mbona nimekonda hivi. Ukumbi mzima ukanigeukia. Mimi! Kukonda!

Jumanne, 2 Aprili
Mizani, mikono juu, Rosalie shahidi: ratili kumi na moja pungufu. Za kweli!

Rosalie anasema picha ya kabla ninayo, ya baada anipige sasa hivi, nitume, niishi kama watu. Nikaitoa ile ya kabla, niliyopigwa siku boksi zilipofika. Ole wangu! Siku ile nilibana tumbo, nikainua kidevu, nikasimama kama jenerali. Nimependeza mno. Ukiziweka pamoja, hazina tofauti.

Hata hivyo kushinda kwa haki kuna utamu gani? Wazo jipya limekuja, safi kuliko la kwanza. Bakuli zote saba zimerudi kwa wenyewe, na zote saba zimekuja tena zimejaa. Regis ana kitambi. Yeye ndiye kabla!

Regis, ndugu yangu, najua unalisoma daftari hili nikienda msalani kwako. Kilima kile nimekipanda mwezi mzima kwa ajili yako, tena nikila biskuti za mbwa. Sikudai kikubwa. Kesho saa nne, kaa kibarazani bila shati, dakika tano tu, na tafadhali, tumbo usilibane.