Kichwa Changu Si Redio ya Mvua

Kolwezi, mwezi wa mvua za kwanza

Kwako Tata Kazadi, shefu wa kartie yetu, mtaa huu wa wachimbaji,

Pokea heshima zangu, wewe pamoja na muhuri wako. Mimi ni Antoine Mukuna, fundi wa simu wa hapa njia ya kisima, yule aliyepasuliwa fuvu Lubumbashi mwaka jana baada ya kuangukiwa na ukuta wa shimo la madini kule Mutoshi, nilipokuwa bado mchimbaji. Ninakuandikia kwa adabu zote kukuomba unirudishie kichwa changu.

Nieleze kwanza, ingawa unajua. Daktari aliniambia mshono utaendelea kuuma kwa muda mrefu. Akanipa vidonge, akasema nimeze mara maumivu yanapoanza, nipumzike. Hakusema kwamba utauma zaidi mvua inapokaribia. Hilo aligundua mdogo wangu Mechack, na Mechack hajui kufunga mdomo. Ndiye aliyenibeba mgongoni kunitoa shimoni siku ile, kwa hiyo sikumgombeza. Lakini sasa wachimbaji wote wa kartie, na yeye akiwemo, hawashuki shimoni kabla ya kupita kwangu, maana udongo ukilowa kuta zinaanguka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna anayenisalimu tena. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, uwanja wangu umejaa watu wenye tochi kwenye paji la uso, wanauliza, "Kichwa iko namna gani leo?" Mwenye kichwa anaweza kuwa na homa, anaweza kuwa amefiwa, hayo hayawahusu. Wakishajibiwa wanaondoka, na lango hawafungi.

2. Jumapili, katikati ya mahubiri, nilishika mshono kwa sababu ya nzi. Akina mama wa safu nzima wakainuka kwenda kuanua nguo. Padri alinitazama kana kwamba nimeiba sadaka.

3. Nimenyang'anywa vidonge. Wake wa wachimbaji walifanya mkutano chini ya uongozi wa Mama Mushiya, wakaamua kwamba nikimeza, kichwa kitanyamaza, na waume zao watashuka huku mvua iko njiani. Vidonge akakabidhiwa mke wangu Angèle, naye amevifunga kwenye pindo la kitenge chake. Nikimwomba kimoja ananijibu kwa upole, "Ngoya kwanza, Tata, bantu bapite." Ninangoja watu wapite, nami nimeshika ukuta kwa mikono miwili. Hili linaniuma kuliko mshono wenyewe, Tata Shefu. Nimechoka kuumwa kwa niaba ya watu wengine.

4. Kinyume cha hao, yuko Gael, mnunuzi wa madini. Mashimo yakilala, mizani yake nayo inalala, basi anataka kichwa changu kinyamaze siku zote. Nilipokuwa hospitalini hakuniletea hata chungwa. Siku hizi anapita kwa mlango wa nyuma na vidonge vikubwa vyeupe pamoja na maji baridi ya chupa, na ananiita baba. Mpaka jana nilikuwa ninamkatalia.

5. Wiki iliyopita nilijigonga kwenye mlango wa choo. Kichwa kikauma, nikasema kinauma, hakuna aliyeshuka, na jua likawaka mchana kutwa. Tangu hapo ninalazimika kueleza kama maumivu ni ya mvua au ya mlango. Msaidizi wako Nkongolo alikuja kuukagua mlango. Alitumia choo pia.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwanza, uandike karatasi yenye muhuri kwamba kichwa cha Antoine ni mali ya Antoine. Pili, kama kartie haiwezi kuishi bila kichwa, basi ipate chake. Ninampendekeza Nkongolo. Apigwe jiwe kwa utaratibu, mbele ya kamati, apelekwe Lubumbashi, apasuliwe na kushonwa vizuri. Kichwa chake hakina kazi nyingi, na mlango wangu ameshauzoea.

Wakati ninangoja jibu lako, nimekata shauri kumeza nitakavyo. Jioni hii nimemeza cha Gael, na kingine nimekiweka tayari kwa asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, kichwa kimetulia kabisa. Ninakuandikia huku ninaimba, na Angèle ameshakuja mara mbili kuona kama ni mimi.

Nisalimie Mama Shefu, watoto Tania na Abigaëlle, na kuku wenu wanaolala kwenye kibanda changu cha simu. Nkongolo naye msalimie, sina neno naye.

Mimi raia wako mwenye kichwa kimoja tu,

Antoine Mukuna

N.B. Barua hii ilikuwa bado mezani asubuhi Mechack alipopita. "Yaya," akaniita, maana mimi ni kaka yake, "kichwa inasema nini leo?" Nikamwambia hakisemi kitu, ashuke tu. Akaondoka akipiga mluzi. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nilipokumbuka kwa nini kichwa hakisemi kitu. Tata Shefu, nilikimbia hadi Mutoshi na kaptura ya kulalia na kiatu kimoja, nikipiga kelele wapande wote juu. Wakapanda. Mechack alitoka wa mwisho, mzima, udongo hadi kwenye kope, nami nikamkumbatia mbele ya watu nikalia.

Mvua haikunyesha. Mpaka sasa mbingu ni safi, kartie nzima inanicheka, na Mechack hataki kusema nami.

Mwacheni Nkongolo na kichwa chake. Vidonge vyote, pamoja na vya Gael, nimempa Angèle, na fundo la kitenge nimelifunga mimi mwenyewe. Sasa kichwa kinauma sana. Huenda ni zile mbio, sijui. Waambie kesho wasishuke.