Kamera Iliyonilaza Chini na Baba Mkwe Wangu

Wapenzi, niandikieni pole kabla sijaanza. Aibu ya leo ukiigawia mtaa wetu wote wa Mapendo, hapa Goma, inabaki.

Mnajua kazi yangu ni video za harusi. Asubuhi nikatafuta programu mpya ya montaji, ya kukata na kuunganisha video, nikaikuta ya bure mtandaoni, imesifiwa sana na watu nisiowajua. Nikaipakua kwenye ordinateri, yaani kompyuta yangu. Ikaniambia kwa heshima kabisa: "Kabla ya kuniweka, zima antivirusi."

Nikazima. (Ndiyo. Mwizi kabisha hodi, kaomba nimfunge mbwa kwanza, na mimi nikamfunga. Nikampa mgeni na kiti.)

Programu ikafunguka, nzuri, vitufe vyote vipo. Nikafurahi! Kidogo hivi, mshale wa kwenye skrini ukaanza kutembea wenyewe. Mkono wangu ulikuwa kwenye kikombe cha chai! Ukaingia kwenye ujumbe wangu, ukaanza kuwaandikia watu wangu wote kwa jina langu, tena kwa Kifaransa kizuri kuliko changu: "Niko na picha yako ya siri. Fungua uone."

Halafu taa ndogo ya kamera ikawaka.

Kuna mtu ananiangalia. Nani? Yuko wapi? Nilikuwa na fulana yenye tundu na taulo kiunoni. Nikawaza harusi za watu zilizo ndani ya mashine ile. Nikamuwaza Kavira, mchumba wangu.

Mwenye akili angekata intaneti. Mimi niliingia chini ya meza, kamera isinione. Simu ikalia. Nikaiogopa nayo. Ikalia tena, na tena. Nilikaa humo mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo nikaamua kutoroka: nikatambaa kuelekea mlangoni, tumbo sakafuni, mikono juu ya kichwa. (Kwa nini juu ya kichwa? Mazoea.)

Mlango ukafunguka. Muzee Paluku, baba yake Kavira! Mkuu wa kwaya, koti na tai. Alikuwa amepata ule ujumbe wa "picha ya siri", akapanda pikipiki mbio kutoka mtaa wa Keshero, Kavira nyuma yake.

Akaniona pale chini. Hakuuliza kitu. Mtu wa Goma akimwona mwenzake amelala hivyo, anajua ni risasi, haulizi. Akajitupa sakafuni kando yangu, koti na tai, akamvuta na binti yake.

"Masasi inatokea wapi?" akanong'ona.

Dirishani, jirani yangu Mama Sifa alikuwa ametuona. "Batoto! Mulale chini!" Nikasikia beseni lake la kufulia likianguka, milango ikifungwa, kisha parseli nzima, ua wetu wote, ikanyamaza. Muzee akaanza Salamu Maria. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze.

"Mutoto," akasema, "biko bangapi, benye bunduki?"

"Papa... hakuna mutu. Ni ordinateri."

"Ordinateri iko na bunduki?"

"Hapana, papa. Inaniangalia."

Kavira ndiye aliyesimama wa kwanza. Anafundisha informatiki, somo la kompyuta, shuleni. Akakata intaneti, akatazama mashine, akanitazama mimi.

"Ulizima antivirusi?"

Nikatazama ukuta.

"Wewe mwenyewe? Na mukono yako?" Akaketi. "Hii virusi haivunjake mulango. Inavaa nguo ya kitu unachotaka, halafu wewe unaifungulia. Programu unaichukua kwa benye kuitengeneza. Ikikuambia uzime mulinzi, unaiacha palepale."

Tulitumia simu yake, si mashine ile, kubadilisha maneno yangu yote ya siri. Tukawaandikia watu wasifungue kitu chochote kilichotoka kwangu. Ordinateri itafutwa yote na kuanzishwa upya. Video za harusi zina nakala kwenye diski iliyo kwake. (Yeye ndiye aliyenilazimisha kuiweka. Mimi nilinung'unika.)

Muzee akajikung'uta koti. "Harusi inabakia," akasema. "Lakini kwa nyumba yenu, ordinateri atashika Kavira."

"Ndiyo, papa," nikajibu, nimeshikilia taulo kwa mikono miwili.

Basi chekeni polepole. Mama Sifa yuko nje anafua upya nguo alizomwaga, anauliza kila anayepita ni nani aliyepiga risasi. Sijapata ujasiri wa kumwambia ilikuwa programu ya bure.