Ndege Yangu na Sufuria ya Mama Nyiramahirwe

Jumatatu, 14 Novemba 2022

Siku kubwa kwa anga la Afrika! Onduleur yangu imezungusha motere dakika tatu nzima. Kwa mutu asiyesoma (daftari hili litasomwa na wengi nikishakufa): onduleur ni sanduku linalochukua umeme wa betri na kuugeuza mpaka motere ya ndege ikubali kuzunguka. Ndege yenyewe bado. Nina motere, helisi ya mbele ya kukata upepo, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya kuvifungia. Lakini ndege huanzia kichwani!

Dakika ya ine, moshi. Charline alisema ananusa nyama choma.

Charline Katungu ni asistani mwenzangu hapa chuo kikuu. Anatengeneza onduleur ya jua kwa dispensaire ya wagonjwa. Kitu cha chini, cha ardhini kabisa! Anapima joto la kila kitu, hata chai. Ijumaa jury ya walimu itamuchagua mumoja kati yetu awe chef de travaux, cheo cha juu ya asistani. Kwangu Professeur Buhendwa, mukubwa wa jury, ameweka sharti: motere izunguke dakika makumi mbili bila kuunguza kitu. Charline akanionea huruma, akaniletea radiateur yake ya zamani ya kupoza. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema. Nikamujibu mimi siwindi chawa. Radiateur nimeirudisha.

Jumanne, 15 Novemba

Tangu asubuhi bombu zinalia upande wa Kibumba. Barabara ni watu, magodoro, mbuzi. Munigi ya njiani imejaa, wengine wameshuka mpaka kwetu Keshero, hapa Goma. Auditoire, ukumbi wa masomo ulio ukuta mumoja na labo yangu, imepokea familia kumi na moja. Nilimwandikia Professeur barua kwamba kelele zinasumbua utafiti wa anga. Alikuwa anabeba mikeka.

Jirani yangu wa ukuta ni Mama Nyiramahirwe, wa Kibumba, watoto wane. Alitembea na mumoja mugongoni na sufuria kichwani. Sufuria ile! Aluminium nene, chini bapa! Transistors, vile vipande vya onduleur vinavyoungua, zikifungwa chini yake, joto lao litaingia ndani ya maji, maji yatalipeleka hewani. Charline akae na radiateur yake!

Jumatano, 16 Novemba

Nimeazima sufuria. Nilimwambia mama ni kwa ajili ya sayansi, saa moja tu. Akauliza kama sayansi itamaliza mbele ya saa sita, sababu watoto wake wanakula saa sita. Nikamwahidi jina lake litaandikwa kwenye bawa la ndege. Alisema yeye sufuria inamutosha.

Saa tano nimetoboa. Mashimo sita, transistor moja kila shimo, bulon, yaani skrubu nene, zimekazwa. Maji hayavuji hata tone! Dakika kumi na tano bila moshi. Mimi ni nani? Nauliza tu.

Saa sita mama akafika. Hapo nikagundua jambo dogo. Nikitoa bulon, sufuria inavuja. Nikiziacha, sufuria ni onduleur. Nilimweleza kwa upole, na muchoro juu. Hakuangalia muchoro. Aliangalia mashimo.

Alhamisi, 17 Novemba

Jana watoto wa Mama Nyiramahirwe walikula biskuti za parokia, basi. Familia zinapokezana masufuria machache, zamu yake haikufika. Nilisikia haya. Haya ya kweli, hapa kifuani. Nikamwahidi sufuria mupya nikishakuwa chef de travaux. Akasema tumbo halijui Ijumaa.

Charline aliwapelekea watoto chai. Aliipima joto kwanza. Anatafuta kura, yule!

Ijumaa, 18 Novemba

Jury watu watatu. Mimi kravati nyekundu. Nilihutubia: Goma iko mètres elfu moja na mia tano, maana yake sisi tayari tuko angani, imebaki kuondoka tu. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanafikiri.

Nikawasha. Helisi ikanguruma, karatasi za jury zikaruka mpaka dirishani. Nguvu hiyo! Dakika ya kumi na mbili maji yakachemka. Dakika ya kumi na tatu Mama Nyiramahirwe akaingia na unga na mwiko, watoto wane nyuma yake. Akawaomba wazee samahani, akasema maji yake yako tayari. Nikamuzuia. Professeur akanizuia mimi.

Akamwaga unga. Yesu Maria! Bugali ni muzito, joto halitapita, transistors zangu zitakufa! Nikafunga macho. Lakini mama akasonga, akaongeza maji, akageuza, akasonga tena, na Charline akasoma thermomètre kwa sauti: imeshuka, imeshuka, imetulia. Dakika makumi mbili. Hakuna moshi! Watoto wakala wamesimama, hawakungoja ipoe. Jury nao wakaonja. Mimi nililia. Niliwaambia ni sababu ya ndege.

Uamuzi: nimeshinda! Chef de travaux ni mimi! Ila kwanza nitengeneze majiko makumi mbili kama hili kwa wakimbizi wa auditoire, pamoja na Charline na umeme wake wa jua. Majiko! Nikasimama, nikawaambia mimi ni mutu wa anga, si wa jikoni. Professeur akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sana.

Kazi akapewa Charline.

Jumapili, 20 Novemba

Chef de travaux Charline ameshamaliza majiko matatu. Onduleur yangu iko kwa Mama Nyiramahirwe. Sufuria yake, bulon zangu, kuachana haiwezekani. Harufu ya maharage inapita ukutani. Alinitumia sahani. Tamu kweli. Mimi sina wivu na mutu.

Nimejichunguza kwa unyenyekevu, kama padri alivyotuomba leo kwenye misa, na kosa nimelipata: sufuria ilikuwa ndogo. Mama Dancille, familia ya mwisho mulangoni, alikimbia na sufuria ya arusi, ya kupikia watu hamsini. Aliniuliza sayansi itachukua muda gani. Saa moja tu, nikamwambia.

Nimeshatoboa. Mashimo kumi na mawili.